Bidhaa Imetutangulia Ng'ambo: Mazungumzo kwa Wakulima, Wabanguaji na Wanunuzi wa Masasi na Newala



Tumeombwa tuzungumze juu ya namna kampuni zinavyopanua biashara zao hadi katika masoko ya nchi nyingine. Kwa mtu wa mbali mada hii ingeweza kuonekana kuwa ni ya wakubwa wa mijini. Kwa mtu wa Masasi au Newala sivyo. Katika uwanda huu wa Makonde na nchi inayouzunguka, nyumba isiyo na mikorosho ni ya kutafutwa, na korosho inayookotwa chini ya mti mwezi wa Oktoba haikawii kupakiwa melini. Biashara ya kimataifa tunaishi nayo mlangoni. Ila tunaishi nayo kwa upande mmoja tu: bidhaa imekwenda ng'ambo, mwenye bidhaa amebaki.

Kwa hiyo ipo hamu ya kuifuata bidhaa huko iendako, nayo ni hamu halali. Lakini palipo na hamu hapakosi mwenye kuifanyia biashara. Swali tunaloulizwa mara kwa mara na vikundi vidogo ni hili: "Amekuja mtu, anasema anaye mnunuzi Ulaya, na anataka ada ya kutuunganisha naye. Tumpe?" Mazungumzo haya ni jibu refu la swali hilo fupi. Tunalijibu kwa urefu kwa sababu anayeijua njia kampuni halisi zinayopita kwenda nje hahitaji kuonywa juu ya kila tapeli. Atamtambua mwenyewe kwa kuona kwamba njia anayoelekezwa haipo.

Neno letu kuu ni moja. Kuvuka mpaka si kupata bei kubwa kwa bidhaa ileile. Kuvuka mpaka ni kukubali kubeba hatari ambayo jana ilibebwa na mtu mwingine, na kulipwa kwa sababu umeibeba. Mwenye kuahidi malipo bila kuutaja mzigo ameficha nusu ya habari.

Safari ambayo korosho imekwisha kuifanya

Mkorosho wenyewe ni mgeni aliyekuwa mwenyeji. Asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Leo zao hili ndilo uti wa mgongo wa uchumi wa Mtwara na sehemu kubwa ya Kusini.

Njia ya korosho ghafi mnaijua kuliko sisi. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi. Chama kinaukusanya na kuupeleka ghala kuu. Kisha chama kikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala, kinausimamia mnadani. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliojengwa juu ya sheria ya mwaka 2005, ulianza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008. Tangu msimu wa 2024/2025 minada imeendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anayeshinda analipa, anachukua mzigo, anausafirisha nje, na kwa korosho ghafi analipa ushuru wa Serikali wa kuuza nje.

Sehemu kubwa ya mzigo huo huenda India na Vietnam. Huko hubanguliwa, hupangwa kwa madaraja, na kuuzwa Ulaya, Marekani na kwingineko kwa majina ya wenye viwanda vya huko. Vietnam haikuzaliwa na biashara hii. Ni nchi iliyoanza kwa kuuza korosho ghafi kama sisi, ikajenga viwanda, na tangu mwaka 2006 imekuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, huku ikiagiza ghafi nyingi kutoka Afrika ili mashine zake zisisimame.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba nasi tuliwahi kujaribu. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya kimataifa, vilijengwa viwanda vya kubangua korosho katika maeneo kadhaa, Masasi na Newala yakiwamo. Lakini wakati viwanda vinajengwa, zao lenyewe lilikuwa linaporomoka: kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/1974 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/1987. Mashine zilikosa cha kubangua, na majengo mengine baadaye yakageuzwa maghala. Funzo lililobaki ni kwamba mtambo peke yake si soko. Lazima malighafi, mtambo na mnunuzi vikutane kwa wakati mmoja.

Funzo la pili ni la karibu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2018, wanunuzi walipotoa bei ambazo Serikali iliona hazimfai mkulima, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likashiriki kuzisomba. Tusirejee mjadala wa msimu ule. Tuchukue hili tu: bidhaa inayotegemea wanunuzi wa nchi mbili hukosa pa kukimbilia wanunuzi hao wanapopunguza bei. Hamu ya kutafuta masoko mengine ina msingi wa kweli.

Ngazi za kuvuka mpaka

Kampuni haiamki siku moja ikawa ya kimataifa. Hupanda ngazi, na katika kila ngazi tuulize swali lilelile: hatari iko begani kwa nani?

Ngazi ya kwanza ni kuuza kupitia mtu mwingine anayesafirisha. Hapa ndipo alipo mkulima wetu. Akishauza mnadani na fedha zikaingia benki, meli ikichelewa, bei ya dunia ikishuka au mzigo ukikataliwa bandarini, hasara ni ya mnunuzi. Faida ya mbele nayo ni ya mnunuzi. Msimdharau mkulima aliye katika ngazi hii. Amechagua usalama, na usalama una bei yake.

Ngazi ya pili ni kusafirisha mwenyewe kwa mnunuzi aliye nje. Hapa mnaanza kubeba: ubora hadi bandarini, nyaraka, na hatari kubwa kuliko zote, kwamba mnunuzi aliye maili elfu nyingi huenda asilipe. Kampuni zenye uzoefu huigawana hatari hiyo kupitia benki. Benki ya mnunuzi hutoa hati ya kuahidi kwamba italipa mara nyaraka za mzigo zitakapofikishwa zikiwa sahihi. Bila hati hiyo, au bila malipo ya awali, msafirishaji anamkopesha mtu asiyemjua.

Ngazi ya tatu ni kuwa na wakala au msambazaji katika nchi ya mnunuzi. Wakala anaijua lugha, sheria na tabia za walaji wa kwao, na anakula kamisheni. Mnaambatana naye kwa mkataba, na mkataba usiosema unakoma lini na unahusu nchi gani unaweza kuwafunga miaka mingi.

Ngazi ya nne ni ubia, au kumruhusu mwenzako wa nje atumie jina na utaratibu wako kwa malipo. Mtaji unaohitajika ni mdogo, lakini jina lako limo mikononi mwa mwingine: akiuza bidhaa mbovu, aibu ni yako.

Ngazi ya tano ni kufungua kampuni au kiwanda chako huko. Hapa umebeba kila kitu: ardhi, kodi, wafanyakazi, sarafu ya nchi nyingine na siasa zake.

Mifano halisi haiko mbali. Benki ya CRDB ilijijenga Tanzania kwa miaka mingi kabla ya kufungua kampuni tanzu Burundi mwaka 2012, na zaidi ya miaka kumi ikapita ndipo ilipofungua ya pili katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2023. Olam, ambayo leo ni miongoni mwa kampuni kubwa duniani za biashara ya mazao, ilianza mwaka 1989 nchini Nigeria kwa kusafirisha korosho ghafi kwenda India. Ilianza na zao moja, nchi moja na njia moja. Ilipokwisha kuimudu njia hiyo ndipo ilipoingia katika nchi na mazao mengine. Baadaye makao makuu yake yakawa Singapore. Nayo Dangote ya Nigeria ilikuja kwetu kwa ngazi ya tano: ilijenga kiwanda cha saruji Mtwara, kilichozinduliwa Oktoba 2015, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka.

Tujiulize: kwa nini saruji ilifuatwa na kiwanda hadi Mtwara, wakati korosho huvushwa bahari hadi kilipo kiwanda? Saruji ni nzito, na thamani ya kila kilo ni ndogo. Gharama ya kuisafirisha mbali huimeza faida yake, kwa hiyo ni afadhali kujenga palipo na mawe ya chokaa na karibu na mnunuzi. Korosho ni nyepesi ikilinganishwa na thamani yake. Inavumilia safari ndefu. Kwa hiyo hukimbilia pale ambapo viwanda vimezoea kazi, mitaji ni nafuu na wanunuzi wamekwisha kuaminiana. Hakuna uchawi hapo, na wala hakuna dharau kwa mkono wa mbanguaji wa Newala. Ni hesabu, na hesabu huweza kubadilishwa na anayeijua.

Hesabu ya kontena moja

Basi tuifanye hesabu. Ubora wa korosho ghafi hupimwa kwa ratili za korosho safi zinazopatikana katika gunia la kilo 80. Tukichukua mzigo mzuri wenye ratili 50, hizo ni kilo 22.7, yaani takriban asilimia 28 ya uzito wa gunia. Kwa maneno ya jikoni, kilo tatu na nusu za ghafi hutoa kilo moja ya korosho za kula, kabla hatujatoa zilizovunjika na zilizoungua.

Katika biashara ya kimataifa, kontena la futi 20 la korosho zilizobanguliwa hubeba kwa kawaida katoni 700 za ratili 50 kila moja, yaani karibu tani 15.9. Ili kulijaza, kwa ubora tulioutaja, zinahitajika takriban tani 56 za korosho ghafi. Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama ishirini kinachobangua kilo 50 za ghafi kwa siku. Kitapata kilo 14 hivi za korosho safi. Ili kulijaza kontena moja kitahitaji siku zaidi ya 1,100 za kazi. Wakifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni zaidi ya miaka mitatu na nusu. Na korosho ya mwaka wa kwanza haitawasubiri ghalani ikiwa bado nzuri.

Kuna jambo jingine. Mnunuzi wa jumla haagizi "korosho", anaagiza daraja. Zile zinazoitwa W320 ni nyeupe, nzima, na ratili moja huwa na punje zisizozidi 320. W240 ni kubwa zaidi, na W180 kubwa kuliko hizo. Kontena la daraja moja linamaanisha kwamba nyuma yake kuna madaraja mengine mengi, pamoja na vipande, ambavyo navyo vinahitaji mnunuzi wake. Kampuni nyingi changa hazianguki kwa kukosa mnunuzi wa korosho nzima. Huanguka kwa kukosa mnunuzi wa vipande.

Tumeifanya hesabu hii ili mtu akiwaambia kwamba Ulaya wanataka kontena kumi kwa mwezi kutoka kikundi chenu, mjue kwamba ama haijui bidhaa anayoizungumzia, ama hakuja kununua korosho. Na tumeifanya ili muone njia iliyo wazi: vikundi vikiungana, vikabangua kwa kipimo kimoja na kuhifadhi pamoja, miaka inageuka kuwa miezi. Ushirika tunaoutumia kuuza ghafi unaweza kutumika pia kuuza zilizobanguliwa.

Mlaji wa huko anadai nini, na wa hapa je?

Kila soko ni mlango wenye mlinzi. Katika Umoja wa Ulaya, sumukuvu katika korosho za kuliwa moja kwa moja haitakiwi kuzidi mikrogramu 4 katika kilo moja. Hiyo ni sawa na gramu nne katika tani elfu moja. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho wala hakisikiki ulimini. Hupimwa maabara, na huzuiwa shambani na ghalani: kwa kukausha vizuri, kwa kutoanika chini penye unyevu, na kwa kutochanganya mzigo wa mvua na mzigo mkavu. Sheria za huko zinataka pia paketi iseme wazi kwamba ndani yake mna korosho, kwa kuwa wapo watu ambao punje moja huweza kuwafunga pumzi. Marekani nayo ina sheria kama hiyo.

Kwa upande wetu, bidhaa iliyosindikwa inahitaji alama ya ubora ya TBS, na kwa wajasiriamali wadogo upo utaratibu wa kupitia SIDO. Mazao yanayokwenda nje yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA. Msafirishaji wa korosho anahitaji kibali cha Bodi ya Korosho Tanzania, ambayo makao yake yako Mtwara. Ili kupata nafuu ya ushuru katika nchi zenye makubaliano nasi, itahitajika hati ya uasili wa bidhaa; waulizeni TCCIA na TRA ni hati ipi inayofaa kwa nchi mnayokusudia.

Tusahihishe dhana mbili. Ya kwanza ni ya namba za mistari zilizo kwenye paketi. Namba inayoanza na 620 huonyesha kwamba imetolewa na GS1 Tanzania. Haithibitishi kwamba bidhaa imelimwa Tanzania, wala kwamba ni bora. Ya pili ni ya jina la biashara. Alama iliyosajiliwa BRELA inalindwa Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka yake, na kila nchi ya nje ina ya kwake. Anayetaka kuuza kwa jina lake huko aulizie usajili wa huko kabla ya kupeleka sampuli, asije akakuta jina lake limetanguliwa na mtu mwingine.

Nanyi walaji wa hapa, msisimame nje ya mazungumzo haya. Kampuni inayopeleka nje korosho nzuri na kubakiza nyumbani zilizoota ukungu kwa paketi isiyo na tarehe, inawadharau. Mna haki ya kujua nani ametengeneza, lini, na mwisho wa matumizi ni lini. Paketi isiyosema hayo irudisheni dukani. Na mbanguaji anayezoea kumheshimu mlaji wa Masasi sokoni hatapata tabu kumheshimu mlaji wa Hamburg, kwa maana ukavu, usafi na ukweli wa maandishi ni vilevile kote.

Masoko mawili yaliyo karibu

Kabla ya Ulaya, tutazame karibu. Kusini yetu kuna Msumbiji. Daraja la Umoja katika Mto Ruvuma, pale Mtambaswala wilayani Nanyumbu, lilifunguliwa mwaka 2010, na barabara ya kuliendea inapita Masasi. Ng'ambo ya mto kuna ndugu wanaozungumza Kimakonde kama ninyi. Nchi zote mbili zimo katika eneo huru la biashara la SADC, lililoanza mwaka 2008. Msumbiji nayo inalima korosho, kwa hiyo huenda soko la huko likataka bidhaa nyingine mnazozalisha kuliko korosho. Wala tusifiche kwamba Cabo Delgado imekuwa na machafuko tangu mwaka 2017. Anayevusha bidhaa aulizie kwanza hali ya usalama na bima, asitegemee undugu peke yake.

Soko la pili ni lile la nje linalokuja nyumbani. Wageni wanaofika Zanzibar na Arusha wanatoka katika nchi zilezile mnazoziota. Hoteli au duka la watalii linaponunua kilo 30 kwa wiki, mnalipwa kwa shilingi, kesi ikitokea ni katika mahakama zetu, na malalamiko ya mlaji yanawafikia kwa simu siku ileile. Kikundi kilichotosheleza mteja wa namna hiyo kwa miaka miwili bila kukosa kimekwisha kujifunza nusu ya biashara ya nje. Huo ndio upandaji wa ngazi.

Anayeuza njia ya mkato

Sasa turudi kwa mtu anayetaka ada. Mkoa huu mnaijua kangomba: mtu anakuja wakati wa dhiki, kabla ya msimu, ananunua korosho zikiwa bado mtini kwa kipimo chake mwenyewe. Njia ya mkato ya soko la nje ni kangomba iliyovaa tai. Nayo huja wakati wa hamu, na kipimo ni cha kwake. Tofauti ni kwamba kangomba wa zamani alichukua korosho. Huyu anachukua akiba ya kikundi na hata korosho hazihitaji.

Si kila dalali ni mwizi. Madalali wa haki wapo, na wengi hulipwa kamisheni baada ya mauzo kufanyika. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni maswali haya, na majibu yaandikwe:

1. Kampuni yako imesajiliwa wapi, na kwa namba gani? Ikiwa ni ya hapa, ihakikini BRELA wenyewe. Msitosheke na nakala aliyowaonyesha.

2. Mnunuzi ni nani, yuko mji gani, na tunaweza kuzungumza naye moja kwa moja? Anayeficha jina la mnunuzi hadi alipwe hana mnunuzi.

3. Anataka daraja gani, kiasi gani, kwa mfungasho gani, na mwezi gani? Asiyeweza kutaja daraja haijui biashara.

4. Bei hiyo ni ya mzigo ukiwa wapi: ghalani Newala, melini bandari ya Mtwara, au bandari ya mnunuzi? Bei ileile huweza kuwa faida kwa kwanza na hasara kwa tatu.

5. Tutalipwa lini na kwa njia gani? Benki gani itaahidi malipo?

6. Mzigo ukikataliwa, nani anabeba hasara, na nani anapima? Sampuli iliyokubaliwa igawanywe, ifungwe kwa lakiri, na kila upande ubaki na yake.

7. Ada hii ni ya huduma ipi, na tusipopata soko inarudishwa? Huduma nyingi zinazouzwa kama siri, kama kuorodheshwa kwa wanunuzi au kualikwa kwenye maonyesho, zinapatikana kwa kuuliza TanTrade au ofisi ya biashara ya halmashauri yenu.

Msiweke saini katika lugha msiyoielewa. Kikundi kina haki ya kudai tafsiri ya Kiswahili na muda wa kuisoma nyumbani. Makubaliano yote yawekwe katika daftari la kikundi, pamoja na risiti, ujumbe wa simu na majina ya mashahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa wameona bado kontena.

Ikiwa mmekwisha kutoa fedha na mnashuku, msinyamaze kwa haya. Aibu ya kuhadaiwa ni ya mhadaaji. Toeni taarifa polisi mara moja, ijulisheni benki au kampuni ya simu iliyopokea fedha, na mwafikishie afisa ushirika au afisa biashara nakala za nyaraka. Madai ya uongo katika biashara na mwenendo wa kumhadaa mlaji yanashughulikiwa pia na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kila siku inayopita hufanya fedha ziwe vigumu zaidi kufuatika.

Tunalomwomba kila mmoja

Hatukuja kuwakataza kutazama mbali. Aliyesimama Newala ukingoni mwa uwanda huu na kuliona bonde la Ruvuma chini yake anajua kwamba kuona mbali ni tabia ya mahali hapa. Tunalosema ni kwamba kutoka ukingoni hadi bondeni kuna njia, nayo huteremkwa kwa miguu.

Kwa chama cha msingi, tunaomba korosho ikaushwe na kupangwa kama kwamba mlaji wa mwisho anatazama. Kwa kikundi cha ubanguaji, anzeni na mteja mmoja wa hapa nchini asiyekosa kupata mzigo wake, kisha unganeni na kikundi jirani kabla ya kutafuta meli. Kwa mlaji, someni paketi. Na kwa wote, kila atakayewajia na soko la mbali, mwulizeni kwa upole swali moja kabla ya mengine yote: katika biashara hii, hatari iko begani kwa nani? Akiijibu sawasawa, mkaribisheni mkae naye chini na kuhesabu. Akilikwepa, basi mzigo huo amekusudia kuwatwika ninyi.